Kofia za Mkono wa Kushoto

Mtu akinisifu kofia zangu nabadilisha maneno. Namuuliza habari za watoto, bei ya samaki, chochote kile. Wengine hudhani najifanya mnyenyekevu, nami nawaacha wadhani. Ukweli ni kwamba sifa zile si zangu, na mwenyewe sijui yuko wapi.

Mchezo wetu kule kisiwani Chovai, pwani ya Somalia, haukuwa kofia hata kidogo. Ulikuwa vidau. Watu wazima wenye wake na ndevu, tulichonga madau madogo yasiyozidi urefu wa mkono, tukayatia tanga la kitambaa cha marekani na usukani wa kipande cha bati, kisha tukayashindanisha kwenye maji ya ndani ya mwamba bahari ikiwa imejaa nusu. Ukishaliachia dau lako huruhusiwi kuligusa. Unalifuata nyuma, maji magotini, unalitukana, unalibembeleza. Wake zetu walikuwa wakisema heri wangeolewa na watoto wenyewe, wangekuwa na akili zaidi. Tulikuwa wanne: fundi wa mashua, mwalimu wa skuli, rafiki yangu wa tangu utotoni, na mimi, mvuvi mwenye domo kubwa kuliko mshipi wangu.

Shida ya vidau ni kwamba bila upepo havina maana. Kuna siku bahari inalala kama maziwa kwenye bakuli, tanga linaning'inia, na wanaume wanne wamekaa shangani, pale ufukweni, wakitazamana. Ndipo fundi akaleta ada mpya. Siku ya upepo kufa, alisema, kila mmoja aje na cha kando, yaani kile kingine anachokipenda mbali na vidau. Na si kuonyesha tu. Mwenzako akikuletea chake, lazima ukijaribu kwa mikono yako mwenyewe, hata ukiaibika.

Fundi alileta njiwa zake. Kumbe yule mzee mkavu, asiyemsalimia mtu mara mbili, alikuwa akiwanong'oneza njiwa majina ya mapenzi. Mwalimu alileta redio yake, lakini cha kando chake hakikuwa redio. Alikuwa akiizima, kisha anatangaza mpira ambao haupo, kwa Kiswahili na Kisomali, hadi jasho linamtoka, na sisi tunagombana nani kafunga. Mimi sikuwa na kitu. Nilipoulizwa nikasema cha kando changu ni kulala, wakanizomea.

Rafiki yangu alileta kofia. Kofia nyeupe ya kushona kwa mkono, ile ya vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi hadi kikawa jicho, na macho yale yakikusanyika yanafanya maua. Alipoitoa kwenye kitambaa tuliisogelea wote. Halafu akashika sindano kwa mkono wa kushoto, nami nikajua kwa nini hakuwahi kushona mbele ya watu.

Alikuwa mashoto wa kuzaliwa. Mamake, mama mmoja mwenye dini na mkono mwepesi, hakutaka kusikia habari hizo. Alipokuwa mdogo alimfunga ule mkono kwa kipande cha leso, kwanza wakati wa kula, halafu kutwa nzima. Nilikuwa nikimwona akija kucheza kafungwa, anakimbia upande upande. Ukubwani alifanya kila kitu kwa kulia. Nyumbani alishona kwa kulia pia, macho mawili matatu, mamake amwone, basi. Kofia yenyewe aliimalizia mafichoni kwa kushoto, akairudisha, mama akamsifu mkono wake wa kulia ulivyojaaliwa. Mtu mzima yule, anaendesha mashua, anaogopwa na mabaharia, lakini mbele ya mamake anatetemeka. Tulimcheka sana.

Zamu yangu ya kujaribu ilipofika alinikalisha ubavuni kwake. Nikaiga nilichokiona. Kilichokuwa kikifanya kazi ni kushoto, nami nikashika sindano kwa kushoto, wala sikujiuliza. Nilidhani ndivyo kofia zinavyoshonwa. Kila kazi ina namna yake, nilijisemea. Mwalimu alipogundua alicheka hadi akajilaza mchangani. "Huyu kafundishwa ushoto kama anayefundishwa Kurani," alisema. Lakini wakati huo mkono ulikwishazoea, na nilipojaribu kulia nikajidunga vibaya. Rafiki yangu akasema niache hivyo hivyo, angalau sasa si yeye peke yake mwenye dhambi.

Macho ya kofia zake yalikuwa na alama. Kwa kuwa uzi ulizungushwa kutoka upande wa pili, yote yalilalia upande mmoja, upande ambao ya washonaji wengine hayalalii. Ukiwa huna habari utaona uzuri tu. Ukiwa nayo, hukosei. Ya kwangu nayo yakalala vile vile.

Vita vilipofika Kismayo tulisikia kama habari za watu wengine. Halafu wenye bunduki wakaja visiwani wakachukua mashine za mashua, nyavu, dhahabu za wanawake. Wakaja tena. Siku zile hatukushindanisha vidau, lakini tulikaa pamoja, labda kwa kukosa la kufanya. Ilikuwa siku isiyo na upepo rafiki yangu aliponipa ukanda wa kofia alioufikisha nusu, niumalizie, naye akachukua kidau changu akitie mlingoti mpya. Ndivyo tulivyozoea, kubadilishana kazi.

Asubuhi iliyofuata, kabla wenye bunduki hawajarudi, kisiwa kizima kiliondoka. Mashua mbili zilikuwa zimesalimika. Wazee waligawa watu kwa nyumba, nyumba hizi huku, hizi kule, wala hapakuwa na nafasi ya kusema mimi nataka na fulani. Fundi alikataa kuondoka. Alifungua tundu la njiwa akakaa mlangoni kwake. Mwalimu na mimi tukaingia mashua ya kwanza. Rafiki yangu alikuwa ya pili. Tulipokuwa tukitoka alisimama kati ya watu akainua kidau changu juu ya vichwa vyao, nione kwamba anacho. Nami nikapiga mfuko wa shati, aone kwamba ukanda ninao. Yetu ilifika Kenya. Ya pili haikufika, na hakuna aliyeiona tena.

Wakatupeleka kambini, nje ya Mombasa. Pale hapakuwa na maji ya kushindanishia kitu, yalikuwapo ya kunywa tu, na kwa foleni. Mchezo wetu ulikufa, kikabaki cha kando. Mwalimu alitangaza mpira kwa watoto. Mimi nikatoa ukanda nikaumalizia, macho yake yakaendelea hadi mahali fulani, ya kwangu yakashika pale. Roho ilikuwa ikinisuta kila nilipochoma sindano. Huyu kazama au hakuzama, na mimi nimekaa kivulini nikiendeleza maua yake. Lakini nilipoacha mikono ilikosa kazi, nikashona nyingine. Watu wakapenda. Nikampa huyu, nikamuuzia yule, zikaenea. Nilikuwa nikishona ndani ya hema, kwa haya, kama aliyekuwa akinifundisha.

Mama wa rafiki yangu hakuwa kisiwani siku ile ya kuondoka. Alikuwa Burgao, upande wa bara, kwa bintiye aliyejifungua. Walitokea kambini miezi kadhaa baadaye, mama, binti na mtoto, miguu imewavimba. Alipouliza habari za mwanawe watu waliangalia chini, nami nilikuwa mmoja wao. Nilimwamkia, nikambebea maji, nikasema mashua yao bado. Bado, kana kwamba imechelewa soko.

Halafu akaiona kofia. Alikuwa kwenye foleni ya unga, mbele yake mtu kavaa moja niliyoimaliza juzi. Akamvua palepale. Mwalimu alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mama aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye macho, akasema kwa lugha ya visiwani kwetu, "Hii ni ya mwanangu. Duniani mchu mmoja tu ashona hivi. Na uzi mpya, haujafuliwa." Mwenye kofia hakujua imetoka wapi, aliinunua kwa mwingine. Kwa mama hiyo ilitosha. Alikwenda hema kwa hema akisema mwanangu yu hai, yuko hapa hapa pwani, anaogopa tu kujitokeza. Akaanza kumwekea mwanawe sahani ya chakula kando. Alipofika kwangu alikuwa anacheka, na sijui kama niliwahi kumwona mama yule akicheka. Nikasema Mungu mkubwa. Wallahi ndivyo nilivyosema, na kofia nyingine ilikuwa chini ya mkeka niliokalia.

Niliacha kushona. Nilifikiri zikiisha na yeye atatulia. Hakutulia. Binti akapata njia ya kwenda Ulaya, yeye na mama yake na mtoto, karatasi zote tayari. Mama akakataa. Nimwache mwanangu nyuma na nyayo zake nimeziona? Binti alilia, akapiga magoti. Mtoto alikuwa mgonjwa wa kifua, na bila bibi yake kumshika binti aliapa haendi. Mwalimu akaja kunikalia mbele ya hema.

"Utamwambia," alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba mwanawe amekufa? Mimi nimeona?"

"Mwambie kofia ni zako. Mengine Mungu anayajua."

Nilimfokea. Nilimwambia wewe kazi yako kutangaza mipira isiyokuwepo, usinitangazie yangu. Aliniacha nimalize, halafu akakaa pale pale. Nilijua ana haki, ndiyo maana nilifoka.

Nilikwenda baada ya alasiri na kofia ile ya chini ya mkeka. Mama alikuwa akichambua mchele. Nikamwambia bila kuzunguka kwamba kofia zinashonwa na mimi, mwanawe alinifundisha, na sijui alipo. Hakuacha kuchambua.

"Mwanangu, binti yangu ndiye aliyekutuma," alisema. "Wataka niondoke. Wewe hukujua kushona hata kifungo."

"Ni mimi, mama."

"Basi shona nione."

Nilitoa sindano, na hapo ndipo nilipokwama. Kwa miaka yote ile rafiki yangu alimficha mama yake jambo moja tu, na sisi akatuamini nalo. Nikaishika kwa kulia. Nilidhani nitaweza macho mawili matatu, kama yeye alivyokuwa akifanya nyumbani. Nikajidunga, uzi ukajikunja, jicho likatoka kama kidonda. Mama akatabasamu, si kwa ubaya. "Umeona," alisema. "Nenda kamwambie siendi."

Nilitazama kofia. Nikamwomba msamaha rafiki yangu, kimoyomoyo, kisha nikahamisha sindano.

Jicho la kwanza, la pili, la tatu. Sikuthubutu kuinua uso. Nilisikia mchele umenyamaza kwenye ungo. Nilipofika la nne alinikamata mkono, vidole viwili penye kifundo, mahali palepale alipokuwa akifunga ile leso.

"Ndivyo alivyokufundisha?"

"Ndivyo, mama."

"Kwa huu?"

"Zote kwa huu. Kwa kulia ilikuwa kukuridhisha wewe tu."

Hakuuachia. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele, ikaniachia weupe kwenye ngozi. Nilitamani anipige. Hapana jambo ambalo lingenipa nafuu kuliko kofi la mama yule siku ile.

"Na kula?" aliuliza. "Alipokuwa na nyinyi huko, nisimwone, alikula kwa huu?"

"Hata siku moja. Alikula kwa kulia, mbele yako na nyuma yako."

"Basi ile kutwa nzima nilikuwa namfunga bure," alisema.

Akauachia mkono. Alirudi kwenye ungo wake, akachambua kidogo, akaacha tena.

"Limalize hilo ua," aliniambia. "Nataka kwenda na kofia hiyo."