Pistoni Hukaa Kavu

Jumapili iliyopita, rafiki yangu, nililipiza kisasi nilichokibeba tangu nina miaka kumi. Nililipiza nikiwa na sinia ya supu mkononi, na wala sijutii.

Nafanya kazi katika nyumba ya wazee katika mtaa wa Koekelberg, ghorofa ya tatu, upande unaotazama basilika. Mwezi uliopita aliletwa mzee mpya kwenye kiti cha magurudumu. Nililisoma jina lake mlangoni mara mbili. Alikuwa bosi wa baba yangu, na hakunitambua.

Zamani alikuwa na duka la bunduki za kuwindia pale Saint-Josse. Baba, fundi Mkongomani aliyehamia huku kutoka Bukavu, alifanya kazi kwenye karakana ya nyuma. Jumatano shule zetu zilifungwa saa sita mchana, mama yuko kazini kwake, akisafisha maofisi, basi mimi nilikwenda kwa baba. Nilikula sombe baridi, ile mboga yetu ya majani ya muhogo, kutoka kwenye kopo la aiskrimu, hewa ikinuka mafuta ya kusafishia chuma, redio ikipiga rumba chinichini. Kisha nilipanga vipuri juu ya gazeti kwa mfuatano ule ule baba alivyovifungua.

Niliyoipenda zaidi ni bunduki inayojipakia yenyewe. Baba alinifundisha kwa pampu ya baiskeli. Risasi inaporuka, alisema, nyuma yake kuna gesi ya baruti yenye nguvu nyingi. Ubavuni mwa mtutu pana tundu dogo. Risasi ikishalipita, gesi kidogo inapenya pale na kusukuma pistoni, nayo pistoni inarudisha nyuma bolti, kile chuma kinachofunga mtutu. Ganda tupu linaruka nje, springi inairudisha bolti mbele, risasi nyingine inaingia. Mwindaji kazi yake ni kuvuta kifyatulio tu.

"Mutoto, mafuta uweke kwa bolti, kidogo tu," aliniambia. "Lakini pistoni, non. Pistoni inakaaka kavu. Mafuta ikipata moto inaungua, inakuwa masizi kama ya sufuria, alors tundu inazibika."

Jumatano moja, kabla ya msimu wa nguruwe mwitu, baba alimaliza bunduki ya mteja mkubwa, kisha akaenda posta. Bosi akaingia. Aliifungua ile bunduki, akaimiminia pistoni mafuta mpaka ikameremeta, maana alipenda wateja waone kitu kinang'aa. Mimi nilikuwa palepale na sombe yangu. Baba aliporudi nilimweleza. Alikimbilia dukani, lakini mteja alikuwa ameshaondoka nayo.

Wiki tatu baadaye, Jumatano tena, mteja alirudi anafoka. Kwenye misitu ya Ardennes, baada ya mawindo kadhaa, bunduki ilipiga mara moja ikakwama, na nguruwe akamjeruhi mbwa wake. Bosi alimwita baba mbele ya duka zima. Alisema haya ndiyo matokeo ya kumpa Mkongomani kazi ya akili. Nikapiga kelele, "Ni yeye! Ni yeye alitia mafuta!" Baba akaniziba mdomo kwa kiganja chake na kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake.

Nyumbani mama alilia kwa hasira. "Papa, ongea basi! Mutoto aliona na macho yake!"

"Na mapapier yetu, maman?" baba akamjibu. "Ni yeye anasainiaka."

Alinyamaza ili tubaki na karatasi za ukaazi. Mwisho wa mwezi bosi alimfukuza vilevile, na hakuna karakana nyingine iliyomtaka, kwa kuwa habari zilishaenea. Baba alisafisha tramu mpaka alipokufa. Hakugusa tena bunduki, na mimi sikula sombe kwa miaka.

Basi Jumapili. Binti wa mzee alikuwepo, na mjukuu wake, kijana mwindaji. Mzee akaanza kuwasimulia juu ya Mkongomani aliyewahi kumharibia jina. Nikiwa bado na sinia ya supu mkononi, nilimuuliza yule kijana kama pistoni ya bunduki yake huwa anaitia mafuta. Akasema hapana, kamwe, tundu litaziba. Nikamwambia, "Bon. Sasa muulize babu yako nani aliitia ile ya mteja wake." Nikawaeleza yote, tangu pampu ya baiskeli mpaka kiganja cha baba.

Bintiye alimgeukia. Mzee akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, na nakiri nilifurahi.

"Nilikusikia siku ile," akasema. "Nilijua unasema kweli."

Kisha akaomba msamaha. Nilimwekea supu karibu, nikamfunga kitambaa shingoni.

Jioni nilipita Saint-Josse. Duka sasa linauza simu, na pale palipokuwa na karakana wamejenga ukuta. Mzee amekiri mbele ya watu wake, kama nilivyotamani tangu utotoni, na nimeonja utamu wake. Lakini aliijua kweli miaka yote hiyo, na baba alikuwa akiishi mwendo wa dakika ishirini kutoka kwake, akirudi kila alfajiri mikono imechubuka kwa sabuni ya tramu. Angeweza kugonga mlango wetu siku yoyote. Baba angemsamehe palepale, angempa na kiti. Mimi sitamsamehe.