Kilichoamka Pamoja na Kompyuta

Kwa miaka kumi na mmoja Mma Boitshepo aliwachapia watu wa Molepolole, mji wa Botswana, barua zao: za talaka, za kuomba kiwanja, za mama kwa mwana aliyemkimbia. Kifua chake kilikuwa kaburi. Kwa hiyo siri za wateja zilipoanza kuzagaa, vidole vikamwelekea yeye, na kibanda chake cha kuchapia kikadoda.

"Waache waseme, Mma," alimfariji Gorata, rafiki yake aliyekaanga magwinya, yale maandazi ya kwao, kibanda cha pili. "Kinywa ni jumba la maneno."

Jumatatu moja asubuhi kompyuta yake ya mapajani iligoma kuwaka. Kile kiduara kilizunguka weee, kisha kioo kikawa cheusi tii. Boitshepo hakuwa fundi, ila alikuwa mbishi. Aliizima kwa kubana kitufe, akaiwasha, akaizima tena. Baada ya mara ya tatu mashine yenyewe ikamletea ukurasa wa matengenezo. Akachagua iamke katika hali salama, na programu za lazima tu. Ikawaka.

"Ahaa! Kumbe kuna kinachokukaba," aliiambia.

Akafungua orodha ya programu zinazoamka pamoja na kompyuta. Ya printa aliijua. Ya kukinga virusi aliijua. Moja hakuijua kabisa. Akaifuata hadi kwenye folda yake. Barua zake zote zilikuwamo, neno kwa neno, hata alizozifuta. Na anwani ya barua pepe zilikotumwa: ya Gorata.

Alisoma mara nne. Tarehe programu ilipowekwa ilikuwa ya wiki ile aliyolazwa hospitalini, Gorata akabaki na funguo za kibanda.

Alibeba kompyuta hadi kwenye karai la mafuta la Gorata.

"Gorata, nini hii?"

Mwiko ukamponyoka Gorata. "Nani kakufungulia?"

"Nimejifungulia mwenyewe!"

"Mma... kwako wanakuja kulia. Kwangu wanakuja kula tu, hawaniambii kitu. Nilitaka nami nijue."

"Ukajua, ukatangaza! Halafu ukaja kunipa pole?"

Boitshepo akakaa chini palepale, kwenye vumbi.

Boitshepo alipomshtaki mbele ya baraza la chifu, Gorata alikiri. Boitshepo aliifuta ile programu, kompyuta ikawaka kama kawaida, na wateja wakarudi mmojammoja, wengine wakiomba radhi, wengine kimya. Aliwachapia wote. Lakini wiki nzima alikuwa akiacha kuchapa katikati ya sentensi, akijiuliza kwa sauti, "Gorata? Gorata huyuhuyu?"