Namba ya Mjomba

Karakana nzima ilimwita Mama Kona, kwa sababu kila bomba lililohitaji kupindwa lilipita mikononi mwake. Mabomba ya mvuke ya viwandani hayana mchezo: ukikosea pindo kwa upana wa kidole, ncha mbili hazikutani, na bomba zima linatupwa kwenye chuma chakavu. Yeye alikuwa hakosei. Huu ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita, tangu mjomba wake amwingize kazini akiwa msichana mwenye aproni inayoburuta chini.

Mjomba ndiye aliyempa namba. Siku hiyo alifunga mlango wa stoo, akateremsha sauti.

"Chukua digrii za pindo, zidisha kwa nusu kipenyo chake, kisha zidisha kwa sifuri nukta sifuri moja saba nne tano. Jibu ndilo urefu wa bomba utakaoliwa na kona. Namba hii niliitafuta mwenyewe, haipo mahali popote. Usimpe mtu."

Naye hakumpa mtu. Alipiga hesabu kwenye kipande cha boksi, akimaliza anakichana vipande vipande. Jirani yake wa meza, fundi mmoja mtaratibu hivi kwamba jina lake la karakanani likawa ndilo hilo, Taratibu, alimwuliza mara mbili.

"Dada, unapimaje wewe? Mimi nakisia kwa macho mpaka yanauma."

"Ni uzoefu tu, kaka," alimjibu, akageuka kuwasha gesi.

Taratibu aliharibu mabomba matatu ya kiwanda kimoja katika wiki moja, akaachishwa kazi. Mama Kona alisikitika, akamsaidia kubeba sanduku lake la vifaa hadi getini. Namba ilibaki kinywani.

Miaka tisa baadaye uongozi ulitaka kila fundi awe na cheti. Basi mama wa miaka hamsini akajikuta chuoni kila Jumamosi asubuhi, amebanwa kwenye dawati, magoti yakigonga ubao. Mwalimu wa hesabu alikuwa dada mwembamba, umri sawa na kitinda mimba wake. Alifundisha akitembea, na kila alipoegemea ubao aliondoka na chaki kwenye kiwiko.

Jumamosi ya sita alichora duara lenye nusu kipenyo cha moja. Kutoka katikati akachora pembe nyembamba kama kipande cha keki alichokata mchoyo. Akaonyesha tao, ule ukingo wa duara uliokatwa na pembe, kisha akashusha mstari wima kutoka ncha ya tao.

"Kimo hiki ndicho sini ya pembe. Sasa isinyazeni pembe, isinyae, isinyae. Sini ikigawanywa kwa pembe yenyewe, jibu linakaribia moja. Kwenye sifuri hatuwezi kugawanya, lakini tunaona jibu linaelekea wapi. Huko linakoelekea ndiko tunakokuita kikomo. Msiniamini mimi, jaribuni kwa pembe ya sifuri nukta sifuri moja."

Mama Kona alibonyeza kikokotoo chake. Kikajibu: 0.01745.

Alikifunika kwa kiganja kama mtu aliyefumaniwa. Wazo la kwanza kumjia lilikuwa la ajabu, kwamba kuna aliyechezea kikokotoo chake, mtu wa karakana, aje amwaibishe mbele za watu. Aliinua kiganja taratibu, akachungulia. Namba ilikuwa pale pale.

"Mwalimu, mimi sipati moja," alisema fundi umeme wa dawati la mbele. "Napata sifuri nukta sifuri moja saba nne tano."

"Hata mimi."

"Na mimi hiyo hiyo."

Ilitajwa kwa sauti, darasa zima, na watu ambao hawajawahi kushika bomba. Mama Kona alihisi masikio yanaziba. Miaka thelathini na mitano hakuitamka hata usingizini, na sasa fundi cherehani wa dirishani anaisoma huku anatafuna kalamu.

Mwalimu alikuwa anacheka. "Nilijua mtanasa. Vikokotoo vyenu vinapima kwa digrii. Vihamisheni kwenye radiani, yaani pembe ihesabiwe kwa urefu wa tao lake. Mtapata moja."

Mama Kona alisimama bila kujua kwamba amesimama.

"Mwalimu, hiyo namba umeitoa wapi?"

"Sijaitoa popote, mama. Ni pai gawanya kwa mia na themanini. Kwenye duara hili, tao la digrii moja lina urefu huo. Ipo nyuma ya kitabu, ukurasa wa mwisho."

Alifunua. Ilikuwepo, kwa wino mweusi, kati ya jedwali la uzito wa vyuma na tangazo la mchapishaji.

Somo liliendelea. Mwalimu alieleza kwamba kipande kifupi sana cha tao hakitofautiki na mstari ulionyooka, ndiyo maana kimo na tao vinakaribiana mpaka uwiano wao unaelekea moja. Hilo Mama Kona alilielewa kabla halijaisha kusemwa. Mara ngapi amekata kipande cha pindo kidogo kama pete, akakilaza mezani, macho yakakataa kwamba kimepinda? Alilielewa vizuri kuliko wote darasani, na bado akarudi kuufunua ukurasa wa mwisho.

Kutoka chuoni alikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, blanketi magotini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umeiva uso?"

Alimwekea kitabu mapajani, akamwonyesha mstari kwa kidole. Alijiandaa kumsikia mzee akijitetea, au akikiri kwamba aliambiwa na fundi mwingine. Mjomba alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mimi niliipima kwa uzi," alisema mwishowe. "Miezi minne. Nilichora maduara kwenye sakafu ya stoo, nikalaza uzi juu ya mstari, nikaunyoosha, nikapima. Maduara mia na kitu. Nilidhani..."

Mama Kona alishindwa kumtazama. Mzee hakuwa amemdanganya hata neno moja.

"Na hapa mbele imeendelea," mjomba aliuliza, akigusa ukurasa. "Baada ya tano wameandika tatu, mbili, tisa. Inaishia wapi?"

"Mwalimu anasema haiishi, mjomba."

"Haiishi," alirudia mzee, na hilo ndilo lililomshtua kupita kitabu chenyewe. "Kumbe niliiacha njiani."

Alitaka asomewe tarakimu zote zilizokuwepo. Alizisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

Jumatatu, baada ya kazi, Mama Kona alimtafuta Taratibu. Alimkuta kwenye kibanda chake, akichomelea nondo za madirisha. Alimweleza yote kwa mkupuo, pamoja na kwamba aliulizwa mara mbili na mara zote mbili alificha. Taratibu alichukua chaki, akapiga juu ya meza hesabu ya pindo la digrii tisini lenye nusu kipenyo cha sentimita ishirini. Thelathini na moja na kitu. Alisimama akiitazama meza kama aliyeona nyoka.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, kaka."

"Na iko kitabuni."

"Ukurasa wa mwisho."

"Miaka tisa," alisema. "Mke wangu nilimwambia mikono yangu haifai." Akashusha kinga ya macho, akarudi kwenye nondo zake. Mama Kona akairudisha chaki mahali pake, akaondoka.

Cheti alikipata mwishoni mwa mwaka, kwa alama za wastani, hesabu za kosini zilimsumbua. Taratibu hakukubali kurudi karakanani, ingawa Mama Kona alimwombea nafasi. Lakini mwezi mmoja baadaye wapita njia waliona kwenye kibanda chake lango jipya la chuma, tao lake la juu limepinda bila kovu la nyundo, na chini yake kibao: tunapinda kwa kipimo chochote. Mama Kona alipita akitokea kazini. Taratibu alimwona, akamwinulia mkono mara moja, kisha akaendelea na mteja wake.