Mkono wa Shikamoo

Mama anayekagua getini hapapasi mifuko ya mtu. Kila tamasha la muziki hapa Singida Mjini, mimi nachana tiketi na yeye anasimama pembeni yangu, kitenge kiunoni, mkono wa kulia ameutanguliza. Kijana gani atamwona mama wa umri ule asimwamkie? "Shikamoo mama." Anaushika mkono wa kijana, anauinua taratibu mpaka puani, ananusa ncha za vidole. Upepo wetu unafagia moshi wote, lakini bangi vidoleni haitoki, hata ukitafuna pipi pakiti nzima. Akisema "Marahaba," unapita. Akikaa kimya, mgambo wanakutoa kwenye foleni. Sijawahi kumwona akikosea.

Jumamosi alasiri, spika zikiwa zimeanza kutetemesha mabati ya uzio, alifika binti yake, miwani ya jua usoni, anacheka peke yake. Alipomwona mama yake kicheko kikakatika, mkono akauficha nyuma. Foleni nzima ilikuwa inatazama.

"Niamkie," mama alisema.

"Shikamoo mama."

Binti akautoa mkono. Mama aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaubana kifuani, hakuuinua. "Marahaba," akasema kwa sauti ndogo, na binti akapita kama anayekimbia. Ndipo mama akageukia uzio, akaleta kiganja chake mwenyewe puani, akakaa hivyo.

Vijana watatu waliofuata walimwamkia. Hakumwitikia hata mmoja, kiganja kikiwa bado puani, na mgambo wakawatoa wote watatu.