Bhoke wa Nyumba ya Wankuru

Duka la Mwarabu pale Bomani lilinuka vitu viwili: matairi mapya ya pikipiki na kahawa yenye iliki. Ukifika asubuhi, ukungu wa Tarime ukiwa bado umelala juu ya mabati, harufu hizo zilikupokea barabarani kabla hujaliona duka lenyewe. Hadi leo nikinusa iliki nasikia mpira ukidunda mahali fulani kichwani mwangu. Ndani ya duka lile, juu kwenye misumari iliyoning'iniza minyororo na taa za pikipiki, kulikuwa na wavu wenye mipira ya miguu, mipira ya kweli, si ile yetu ya matambara na kamba za katani, na sisi wasichana tulisimama mlangoni tukiitazama tukingoja kufukuzwa. Hakutufukuza mtu. Mwenye duka, Mzee Farid, alikuwa mkimya, mwenye pua ndefu na nyusi nene zilizokutana katikati. Wazazi wake walitoka Lebanoni zamani, yeye akazaliwa Musoma na kukulia Tarime, na alijua Kikurya cha kumgombeza ng'ombe akageuka. Lakini kwetu Mwarabu ni Mwarabu, hata azaliwe zizini.

Pua ile na nyusi zile zilikuwa pia usoni mwa rafiki yangu Bhoke, jirani yetu kule Susuni. Najua mgeni hapa ataanza kutabasamu, nami namwambia, tulia kwanza. Bhoke aliishi na Bibi Wankuru, mjane ambaye hakujaliwa mtoto. Mwanamke wa namna hiyo kwa Wakurya hakai chini akalia. Anatoa ng'ombe, naye anaoa mke. Ndoa hiyo tunaiita nyumba ntobhu. Mke yule huzaa na mwanamume yeyote, na watoto wanakuwa wa bibi aliyetoa ng'ombe, wanabeba jina la marehemu mumewe na kurithi mashamba yake. Aliyezalisha hatajwi, hadai, haulizwi. Waswahili walishasema kitanda hakizai haramu, na kwetu anayekitandika kitanda ni ng'ombe. Mke wa Bibi Wankuru alijaliwa mtoto mmoja tu, Bhoke, akafariki mtoto angali ananyonya. Basi mashamba ya mtama na mihogo, jina la marehemu, nyumba nzima ile ikabaki juu ya kichwa cha msichana mmoja mwenye nyusi za dukani. Tarime yote iliona. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwetu mwenye adabu hasemi alichokiona.

Kiangazi ninachokikumbuka kilikuja baada ya mavuno mazuri. Mtama ulikuwa umejaa ghalani, mihogo imeanikwa juu ya mawe inanuka uchachu wake, na vumbi la jioni lilikuwa jekundu na laini kiasi kwamba watu waliokuja kwa mbali walionekana kama hawakanyagi chini. Siku moja mpira ulifika shuleni kwetu. Mwalimu alisema umeletwa na mtu. Mtu gani? Mtu tu. Tukaukubali hivyo hivyo, maana tulikuwa tumezoea vitu vizuri kutoka kwa mtu asiyetajwa. Wavulana walitaka kuuchukua, nasi tukawapiga. Nasema ukweli, tuliwapiga, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu nilikuwa mnene. Kwa unene huo huo nikafanywa kipa. Tulicheza katika malisho yaliyokauka, magoli yakiwa miti ya mikaratusi, na ng'ombe walipita katikati ya mchezo bila kumwomba radhi mtu.

Bhoke alipocheza mimi nilisahau kudaka. Wengine wetu tuliukimbilia mpira kama kuku waliomwagiwa mahindi, yeye alisimama, akaangalia pembeni, akaangalia tena, halafu mpira ukamfuata. Akishaupata alikuwa na mbio ambazo sijaziona tena kwa binadamu ninayemfahamu. Bibi Wankuru alikuja na kigoda chake na ugoro wake, akaketi nyuma ya goli langu, na hakujua sheria hata moja. "Mpeni Bhoke!" ndilo lilikuwa neno lake lote. Mpira ukitoka nje, mpeni Bhoke. Refa akipuliza filimbi, mpeni Bhoke. Hata mimi nikiwa nimeukumbatia mpira tumboni kwa shida zangu zote, kizee kile kilinipigia kelele kutoka mgongoni, "Wewe Ghati, unauatamia? Mpe Bhoke!" Kwa mbali, kwenye kivuli cha gari lake la mizigo, Mzee Farid alisimama na kikombe chake. Alisema alikuja Susuni kuangalia bei ya mihogo. Mwarabu na mihogo, wapi na wapi!

Kiangazi hicho hicho alikuja dada yake Farid, Bi Salma, mama wa makamo aliyeolewa Beirut. Kiswahili chake cha Musoma kilikuwa kimeota kutu, na kule alikuwa anafundisha timu ya wasichana. Farid alimleta uwanjani bila kumwambia kitu, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Wakati wa mapumziko Bhoke alikwenda kunywa maji karibu na gari. Bi Salma akavua miwani yake ya jua, akamshika Bhoke kidevu, akapaza sauti: "Farid! Huyu si mama yetu mtupu? Huyu ni wetu!" Jamani. Ng'ombe walisikika wakicheua. Farid aliangalia viatu vyake. Mama mmoja alikohoa, mwingine akaanza kusifia mtama wa mwaka ule kwa sauti kubwa isiyo ya lazima, na baada ya muda mfupi kila mtu alikuwa anausifia mtama. Bibi Wankuru peke yake aliinuka. Alifunga kikopo chake cha ugoro, akachukua kigoda, akaondoka mchezo haujaisha.

Maneno yakishatoka hayarudi, nayo yalizunguka mpaka yakatufikia watoto. Timu ya taifa ya wanawake ya Lebanoni, kumbe, ilikuwa inakusanya wasichana kutoka kila mahali Walebanoni walikotawanyikia duniani, na Bi Salma aliapa kwamba Bhoke angekaa kwake, asome, acheze, na siku moja avae jezi ya nchi ile. Ila kule mtoto hupata uraia kupitia kwa baba. Lazima baba asimame mbele ya watu aseme, huyu ni wangu. Na kwetu, mwanamume akisema hivyo juu ya mtoto wa nyumba ntobhu, amevunja boma la mtu. Bhoke akiwa wa Farid, Bibi Wankuru hana mtoto. Na akiwa hana mtoto, wapwa wa marehemu mumewe, waliokuwa wakiyamezea mate yale mashamba tangu zamani, wangeyagawana siku ya kifo chake. Farid alimjibu dada yake kwamba hawezi kumwibia mama mzee nyumba yake. Bi Salma alilia, akagomba, akaanza kufunga mizigo. Bhoke aliacha kula. Jioni alikuwa akiupiga mpira peke yake kwenye ukuta wa ghala, du, du, du, na mimi nililala kwetu nikiusikia, nikimchukia Bi Salma kwa moyo wangu wote, kwa kuwa alikuwa ametuonyesha mlango uliofungwa.

Siku ya mnada Bibi Wankuru alivaa kitenge chake cha kanisani, akatutwisha mtama mimi na Bhoke, tukaenda mjini. Hakwenda sokoni. Alinyoosha moja kwa moja hadi dukani kwa Farid, ambako waendesha bodaboda walikuwa wamejaa wakibishania bei ya minyororo. Akasimama mlangoni, mdogo kama kawaida yake, na akasema kwa Kiswahili, si kwa Kikurya, ili hata wa kutoka mbali wasipitwe: "Mwarabu! Mtoto wako ana safari, na wewe umekaa unauza tairi?"

Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa ameshika taa ya pikipiki, akabaki nayo hewani. Bibi akamsukuma Bhoke mbele kwa kiganja. "Raira wako huyu hapa," akasema, kwa maana Bi Salma alikuwa amempa mtoto jina la mama yao, Layla, nasi Wakurya na herufi L hatupatani. "Mimi nimelea. Sasa peleka." Farid aliinama nyuma ya meza yake, akajifuta macho kwa kitambaa cha kufutia vipuri, akainuka na grisi usoni kote, paji la uso na mashavu. "Usinililie hapa," Bibi alimwambia, "nipe hiyo kahawa yako, kila siku inanukia tu." Akapewa. Akaonja, akatema nje. "Lo, chungu hivi! Ndiyo mnayojivunia?" Watu wakacheka, wakacheka mno, kama waliotoka majini wakapata pumzi.

Tulirudi kwa miguu sehemu ndefu ya njia, Bibi akiwa mbele. Tulipofika mahali ambapo hakuna mtu aliketi kwenye jiwe, akajifunika kitenge usoni na kulia. Bhoke alipiga magoti, akasema hataki tena, haendi, atabaki alime. Bibi alimjibu kutoka ndani ya kitenge, "Nyamaza. Ng'ombe wa kamba fupi hukonda." Halafu akapenga kamasi, akauliza kwa nini bado tunao ule mtama, hatukuuza? Tulikuwa tumeusahau vichwani mwetu.

Bhoke aliondoka kabla ya mvua. Mengine niliyapata kwa simu, vipande vipande. Mwaka wake wa kwanza kule alilia kila siku kwa baridi na kwa lugha. Wenzake walitoka Brazili, Australia, Afrika Magharibi, na kila mmoja alikuwa na Kiarabu kibovu cha namna yake, wakaelewana kwa miguu. Akaichezea klabu ya mjini, kisha siku moja picha ikaja: Bhoke wetu katika jezi ya Lebanoni, mkono kifuani, anaimba wimbo wa taifa ambao naapa nusu yake hakuijua. Nilimpelekea Bibi Wankuru simu yangu mara nyingi atazame mechi. Aliishika mbali na uso, akamtafuta mtoto wake katikati ya wale wasichana wadogo kama sisimizi, na akimpata alisema lile lile, mpeni Bhoke. Sikumweleza kwamba hawamsikii. Baadaye goti liliharibika, akapasuliwa, akarudi uwanjani, likaharibika tena. Sasa anafundisha wasichana wadogo, na wanamwogopa.

Bibi Wankuru alipofariki, Bhoke alikuja na magongo yake, akafika siku ya maziko vumbi la Mwanza likiwa bado mwilini. Desturi yetu ni kwamba mtoto wa nyumba ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na anayetupa udongo ndiye mwenye boma. Mpwa mmoja wa marehemu mume wa Bibi alisimama kando ya kaburi na koleo mkononi. Alisema, kwa heshima tupu, kwamba wote tunampenda binti huyu, lakini Bibi mwenyewe alitamka dukani mbele ya mashahidi kwamba ni mtoto wa Mwarabu, amekula kwa jina la Mwarabu, amevaa nchi ya Mwarabu, basi akae na wageni. Wazee walitazamana. Nilijaa hasira, kwa sababu kila neno lake lilikuwa kweli. Neno lililomfungulia Bhoke dunia ndilo lilikuwa sasa linamfungia mlango wa nyumbani.

Ndipo Mzee Farid akatoka nyuma, kwenye turubai la wageni. Alikuwa amezeeka, nyusi zimekuwa nyeupe. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto mwingine popote, na Tarime yote ilijua. Alivua kofia, akasema kwa Kikurya, polepole, kila mtu asikie: "Mimi sina mtoto hapa. Sijawahi kuwa na mtoto. Mtoto wa Wankuru ni yule pale. Mpeni koleo." Mzee mmoja akaitikia, kisha mwingine, na mpwa akalitoa koleo. Bhoke aliyaacha magongo, akapokea koleo.

Siku hizi saluni kwangu, hapo hapo Bomani, wasichana wakisukwa husimuliana habari za vipimo vya damu, eti nani ni wa nani, maabara inasema. Wanacheza mpira wakiwa na njumu na soksi ndefu, nawaonea fahari, na nyumba ntobhu wanaisikia kama hadithi za fisi. Labda ni heri. Wakati ule wa utoto wetu ulikuwa na ukatili wake, na sitaki kuupaka asali. Lakini tuliwahi kuishi na mama mzee aliyesema ukweli ili ampoteze mtoto, na baba aliyesema uongo ili amrudishe nyumbani, na sijui ni maabara gani ingewapima wale wawili. Tulipotoka makaburini wenye boma walitangulia na wageni wakafuata, ndivyo ilivyo desturi. Bhoke alikuwa mbele na wazee. Nikamwona anapunguza mwendo, anaacha huyu ampite, na yule ampite, magongo yakichota vumbi, yeye aliyekuwa na mbio kutushinda sote, mpaka Mzee Farid akamfikia.