Fundi Aliyeisafisha Sauti

Ofisini walimwita Bi Sikio, naye hakuchukia. Macho yake yalipofuka ukubwani, baada ya ugonjwa, wakati tayari alikuwa mpiga chapa wa kutegemewa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza rekodi za mikutano na kuziandika. Sikio la kushoto lilikuwa la mkutano. La kulia lilikuwa la kompyuta, iliyomsomea kila alichoandika. Alikuwa ameiongezea kasi hiyo sauti mpaka wenzake wakashindwa kuambulia neno.

"Bi Sikio, huyo anakusomea au anakukoromea?"

"Anawasengenya nyinyi," aliwajibu, vidole vikiendelea na safari.

Sauti ile ilitegemea maktaba moja ya programu, kifurushi kidogo ambacho programu nyingine hukiazima ili ziweze kutamka maneno. Haikuwa na dirisha wala kitufe, kwa hiyo aliyeifahamu ni fundi wa zamani peke yake, na huyo alikwisha kuhama.

Fundi mpya aliagizwa na mkuu wa ofisi aweke programu mpya ya nyaraka katika kompyuta zote. Ya Bi Sikio ikagoma, kwa kuwa programu ile haikupatana na maktaba yake. Mfumo ukamwonya fundi kwamba akiiondoa maktaba, programu ya kusoma itaondoka nayo. Alikuwa na haraka, na yeye mwenyewe anaona. Akakubali.

Kesho yake Bi Sikio alivaa hedifoni, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Akajiuliza: na masikio pia yamekufa? Akapiga meza kwa kiganja, kishindo kikamrudia, akashusha pumzi. Kumbe aliyekufa ni mwingine.

Fundi alipoitwa, alihangaika hadi shati likamganda mgongoni. Akairudisha maktaba, mfumo ukaing'oa programu ya nyaraka. Akarudisha programu ya nyaraka, maktaba ikatoka.

"Hizi mbili hazikai chumba kimoja, dada. Niliiona kama takataka tu. Nisamehe."

"Basi niachie yangu. Hiyo nyingine wenzangu wote wanayo."

"La kusema hilo ni la mkuu."

Mkuu alikuja, akamwekea mkono begani. "Dada yangu, programu mpya ni ya kompyuta zote; ofisi haiwezi kusimama kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa sasa kaa kule mapokezi, upokee simu. Ni kwa muda tu."

Bi Sikio akashikwa mkono, akapelekwa kama mgeni katika jengo ambalo alilijua kwa nyayo zake.

Fundi hakulisahau jambo lile. Aliendelea kutafuta, hata siku za mapumziko, akapata toleo jipya la maktaba lisilogombana na lolote. Akaliweka katika kompyuta ya Bi Sikio ofisi ikiwa haina watu, na kulipokucha akakimbilia mapokezi.

"Dada, njoo! Imesema!"

Bi Sikio aliinuka hata hakumalizia kumjibu aliyekuwa kwenye simu. Alipogusa kiti chake cha zamani, akakuta mtu amekikalia.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ya msichana. Alikuwa binti wa shemeji wa mkuu wa ofisi, aliyepewa kazi yake. "Subiri kidogo, namalizia ukurasa."

Mkuu akatoka ofisini kwake. "Sauti imerudi? Vizuri sana. Lakini binti ameshaizoea kazi. Na wewe simu umeimudu, watu wanakusifu."

"Ulisema ni kwa muda."

"Ndiyo. Na muda unakwenda, dada yangu. Tufanyeje?"

Wale wale waliozoea kutaniana naye walizidisha kasi ya kuchapa. Fundi alijikohoza, akamuuliza polepole, "Sasa hii maktaba niiache au niiondoe?"

"Iondoe," alisema Bi Sikio. "Itamzomea mtoto wa watu bure."

Jioni alimsimulia dada yake mkubwa, fundi cherehani, aliyekuwa akiishi naye. Dada alisimamisha mashine. "Acha kazi! Kwani umezaliwa na simu?"

"Niende wapi, dada? Nikibisha mlango wataniuliza naona nini, hawataniuliza najua nini."

Dada akakanyaga cherehani tena, kwa nguvu, mpaka uzi ukakatika.

Bi Sikio yuko mapokezi mpaka leo. Mpigaji simu akimuuliza anaongea na nani, hutaja jina la ofisi, si lake, kisha husubiri aambiwe shida.