Mnyonyaji Asiye na Kitambi

Siku za Ujamaa nilifundisha darasa la nne Kidete, na siku ya wazazi tuliigiza mchezo wa mnyonyaji, yule mtu mbaya anayekula jasho la wenzake. Watoto walimjua kwa kitambi tu. Ukimwambia mtoto amchore, anaanza na tumbo, kichwa baadaye. Basi binti aliyeigiza tulimfunga mto tumboni, tukaridhika.

Mgeni rasmi alikuja kwa treni kutoka Kilosa mjini, nami nikaenda stesheni kumpokea. Mama yangu! Alishuka kwa ubavu, tumbo likatangulia, yeye akafuata. Nikaukumbuka ule mto. Mwalimu mwenzangu alikuwa amehamishwa mbali kwa mzaha mdogo kuliko huo, akaacha mume na watoto. Na mimi mtoto wangu alikuwa hajaanza hata kutambaa.

Ngoma ilipomchelewesha mgeni njiani, nilitimua mbio hadi nyuma ya darasa, nikaufungua ule mto.

"Mwalimu, sasa watanijuaje kama mimi ndiye mbaya?" binti akauliza, karibu kulia.

"Kwa matendo yako! Ubaya hauko tumboni. Haya, nenda kafanye ubaya!"

Nilisema hivyo nijiokoe tu. Sikujua atafanya nini.

Wazee walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya mbele, na bibi yake aliyemlea alikuwa katikati yao. Binti akawapita wote, kichwa juu, bila shikamoo. Hata moja! Akakalia kigoda pekee kilichokuwepo, akavuta sahani ya ugali ya wale walioigiza wakulima, akala peke yake huku akilamba vidole.

Uwanja ukachafuka. "Mtoto wa nani huyu? Hana adabu!" Mama mmoja akavua kandambili. Watoto wadogo wakazomea, "Kupe! Kupe!" Hakuna aliyeuliza tumbo liko wapi.

Nikamtazama mgeni rasmi kwa jicho la wizi. Alikuwa anacheka mpaka machozi yanamtoka. Alipoitwa kuhutubia, alikwenda kwanza kwenye mabenchi, akawaamkia wazee mmoja mmoja, wote, mpaka pilau ikapoa. Nani alijali? Nilishusha pumzi, nikacheka peke yangu kama mwehu. Sihamishwi! Jioni nitambeba mwanangu kama kawaida.

Nikageuka kumpongeza mwigizaji wangu, nikamkuta nyuma ya mlango analia kwa kwikwi.

"Umefanya vizuri mno, sasa unalia nini?"

"Nimempita bibi."

"Mchezo umekwisha, mwanangu. Nenda."

Alikimbia, akapiga magoti mbele ya lile benchi. "Shikamoo, bibi! Shikamoo! Shikamoo!"

"Marahaba, kupe wangu," bibi akasema, akampangusa ugali mdomoni kwa upindo wa khanga.